Seting za VS Code zinakaa wapi ukihama Windows kwenda Ubuntu

Ndugu nimekupata, unahamia Ubuntu na hutaki kupanga VS Code (programu ya kuandikia kodi) upya, ila faili la seting hulioni. Lipo, folda imefichwa tu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %APPDATA%\Code\User kisha enta, utakuta settings.json (seting zenyewe), keybindings.json (vitufe vya mkato) na folda ya snippets (vipande vya kodi ulivyohifadhi), hivyo vitatu ndo mali yako, kopi weka kwenye flashi. Ubuntu funga VS Code kwanza halafu vibandike ~/.config/Code/User, kwenye dirisha la mafaili bonyeza Ctrl+H ndo uone mafolda yanayoanza na nukta. Mac ni ~/Library/Application Support/Code/User.

Kama VS Code ya Ubuntu umeiweka kwa Flatpak (njia mojawapo ya kusakinisha programu Linux) hiyo njia ya ~/.config haitasaidia, nenda ~/.var/app/com.visualstudio.code/config/Code/User, wengi wanakwama hapo.

Ekstensheni (programu ndogo za nyongeza) zilizo kwenye .vscode/extensions usizikopi, baadhi zina vipande vya Windows ndani, bora uzipakue upya. Halafu fungua settings.json, njia zote zinazoanza na C: zibadilishe, na kama kuna tokeni (ufunguo wa siri wa kuingilia) au paswodi humo itoe kabla hujalipandisha faili hilo GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi). Mashine ikiwa ya ofisi muulize mtu wa IT kabla ya kuchomeka flashi.