Swali la lugha: picha hizi ni adimu au ni nadra?

Dada mmoja wa Kirumba, Mwanza, ameuliza hivi: kanunua boksi la vitabu vya mtumba pale Mlango Mmoja, ndani kakuta kadi ngumu za zamani, kila kadi ina picha mbili zinazofanana zimebandikwa ubavu kwa ubavu, maporomoko ya Niagara, milima, mabonde. Anataka kuziposti auze, ameandika "picha nadra sana za mandhari mazuri", kaka yake anamwambia weka "adimu". Nani yuko sahihi?

Kaka yuko karibu zaidi ila na yeye ana haraka. Ukifungua kamusi utakuta maneno haya yanaelezana, kwa hiyo hamna atakayekushtaki ukiyachanganya, lakini sikiliza watu wanavyoongea. Nadra inapenda kukaa na tendo: ni nadra kumkuta bosi ofisini saa kumi na moja, ni nadra mvua kunyesha hapa mwezi wa saba. Adimu inakaa na kitu chenyewe, dawa adimu, kitabu adimu, yani hata uende na hela mkononi hukipati kirahisi. Afu kuna kuadimika, hii inabeba na historia, kitu kilikuwa tele kikapungua, ndo maana mvuvi wa Mwaloni atakuambia sato wameadimika kwa sababu anakumbuka walivyokuwa wanajaa mtumbwi, ila hawezi kusema papa wameadimika ziwani, lini walikuwepo?

Sasa kadi zako. Kukuta Niagara ya enzi hizo kwenye boksi la mtumba Mwanza ni nadra, hapo sikubishii. Lakini kadi yenyewe kuwa adimu ni madai mengine kabisa, maana hapo unamwambia mnunuzi kwamba duniani zimebaki chache, na hilo linachunguzwa. Mambo haya ya picha pacha yalianza na Charles Wheatstone, Mwingereza, aliyeonyesha mwaka 1838 kwamba picha mbili zenye tofauti ndogo, kila jicho likiona yake, zinaungana akilini na kuonekana zina kina. Mwaka 1861 Oliver Wendell Holmes wa Marekani akabuni kifaa chepesi cha kushika mkononi cha kuzitazamia, na kadi zikaingia majumbani kama karanga. Niagara ndo usiseme, ilipigwa na kila mwenye kamera.

Geuza kadi uisome. Ukikuta pembeni wameandika Underwood & Underwood na chini yake New York, London, Toronto, Ottawa-Kansas, au Keystone View Company ya Meadville, Pennsylvania, hao walikuwa wanachapa kwa wingi wa kutisha, na kadi zao mpaka leo zipo nyingi tu. (Underwood kwenye kadi zao nyingi waliweka jina la picha nyuma kwa lugha sita, Kirusi na Kiswidi zimo, Kiswahili hakimo, mi iliniuma kidogo.) Kadi yenyewe ikiwa imepinda kama kigae, usidhani ni unyevu wa ziwa, zilitengenezwa hivyo makusudi kuanzia karibu na mwaka 1880, zile za bapa kwa kawaida ni za kabla ya hapo. Ukikuta nyuma stempu ya kodi ya Marekani, umeshapata tarehe, kodi hiyo ya picha ilianza Septemba 1864 ikafutwa Agosti 1866. Na kadi iliyofifia, haina jina la mchapishaji popote, mara nyingi ni nakala ya wizi, mtu kapiga picha ya picha ya mwenzake.

Ukimaliza hapo chukua jina la picha na namba yake, tafuta kwenye makusanyo ya mtandaoni ya Maktaba ya Bunge la Marekani na New York Public Library, halafu angalia kwenye minada ya intaneti kadi kama hiyo imeuzwa mara ngapi na kwa bei gani, namaanisha bei iliyolipwa, sio aliyojipangia muuzaji, huyo hata milioni anaandika. Zikitokea kumi zinazofanana, neno adimu lifute. Ila kukosa kuiona maktaba sio ushahidi peke yake, wapiga picha wadogo wa miji midogo kazi zao nyingi hazijawekwa mtandaoni, na humo ndo adimu halisi zinakojificha.

Na mtu akikuletea kadi ya ziwa letu eti ya safari ya Speke na Grant, wale wapelelezi wa Kizungu, mkatalie. Grant alipiga picha Zanzibar mwaka 1860, ila walipoingia bara joto la kufanyia kazi hiyo ndani ya hema likamshinda, akawa anachora. Hiyo sio adimu, hiyo haipo.

Kingine, sio "mandhari mazuri". Mandhari inakwenda kama nyumba: mandhari hii, mandhari nzuri. Lile "ma" la mbele linadanganya wengi, hata mabango ya hoteli. Na usiandike "picha kuukuu" ukidhani unasifia, kuukuu ni kitu kilichochakaa, mnunuzi atakushusha bei papo hapo. Kwa sasa, kama jina ulilokuta pembeni ni la Underwood, posti hivi: "Kadi za zamani za picha pacha, mandhari ya Niagara na milima, mchapishaji Underwood & Underwood." Adimu utaiongeza kwenye ile itakayopita uchunguzi, na uiandike kwenye hiyo kadi tu, sio kwenye boksi zima.