Wafuasi elfu nne, michango elfu sitini: nami nilipita hapo

Mkuu, umeuliza kwa nini kikundi chenu cha kusaidia wanafunzi hapo Arusha kina wafuasi 4,000 Facebook na bado mwezi mzima mmeambulia elfu sitini. Mimi nilijitolea miaka mitatu kushika ukurasa wa kituo kidogo cha watoto wenye ulemavu, Pasua, Moshi.

Nianze na aibu yangu. Nilimpiga picha mtoto analia, kamasi puani, nikaandika maneno ya kuchoma moyo. "Amina" na "Mungu awabariki" zikamiminika. Pesa? Muamala mmoja, elfu kumi. Siku ya tatu bibi yake akaja kituoni na simu ya kuazima kwa jirani, akanionyesha ile picha. "Mwanangu, mjukuu wangu umemfanya tangazo?" Sikuwa na jibu. Niliifuta, ila magrupu yalishaibeba. Tangu siku hiyo siweki sura ya mtoto kabla mzazi hajaelewa inakwenda wapi. Na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, msije mkajiponza.

Kilichotutoa ni mabati. Paa la chumba cha mazoezi lilikuwa linavuja, yanatakiwa mabati 40. Nikaachana na "mchango wowote unapokelewa". Nikaweka stetasi ya WhatsApp: picha ya paa, ndoo chini yake, bati moja 28,000. Watu wakaanza kununua: "niandikie mawili", "mimi na shemeji tuna moja". Kila saa mbili usiku napandisha hesabu. 9 kati ya 40. 17 kati ya 40. Ilipokwama 23, bodaboda wa kijiwe chetu akatuma elfu saba: "robo bati yangu hiyo." Nikamwomba ruhusa, nikaiweka. Usiku uleule yakaingia sita!

Angalieni pia jina linalotokea mtu akituma pesa kwa simu. Sisi tulipokelea kwenye namba ya mhasibu, mpaka mama mmoja wa Dar akanipigia: "Mbona linakuja jina la mtu?" Tukachukua lipa namba, ile namba ya kupokelea malipo, yenye jina la kituo.

Kuna aliyetaja GoFundMe, ule mtandao wa kuchangishia pesa: Tanzania haimo kwenye nchi zinazoweza kupokea pesa zake. Labda ndugu aliyeko Uingereza aifungue kwa jina lake, na hapo mnamwamini yeye.

Facebook msiiache, ila wengi wa wale 4,000 hawawajui. Pesa yetu ilitoka magrupu ya ukoo na ya jumuiya, hasa mwanzoni mwa Desemba, Wachaga wanapojiandaa kurudi nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi. Januari usimguse mtu, ana ada.

Paa lilipoisha niliweka risiti ya duka la vifaa na video ya sekunde 20, mvua inapiga bati, ndoo imegeuzwa imekuwa kiti. Hakuna mtu anayeonekana. Bibi yule aliishea mwenyewe, kwa simu ileile ya jirani.

Sasa mkuu, hao wanafunzi wenu wanahitaji nini hasa? Kama ni sare, tupe bei ya moja.