Maswali Yenu: Kuhani bila Hekalu ana cheo gani?

SWALI: Warumi walilibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Makuhani wa Kiyahudi waliokuwa wakitoa dhabihu humo walibaki na nini? Je, marabi walichukua nafasi yao? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ukuhani haukufa, kwa kuwa ni nasaba: mwana huupata kwa baba, kurudi nyuma hadi Haruni. Kilichowatoka makuhani ni madhabahu, na baadaye kauli ya mwisho katika sheria, ambayo ilishikwa na marabi, yaani wanazuoni wa Torati. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika mnamo mwaka 200, inasema hivyo bila kuficha (sehemu iitwayo Horayoti, 3:8). Inapanga watu kwa daraja, kuhani akiwa juu na mamzeri, mtoto wa zinaa ya mke wa mtu au ya maharimu, akiwa chini sana. Kisha inaongeza kwamba mamzeri mwanazuoni humtangulia kuhani mkuu asiyejua Torati.

Hata hivyo, marabi haohao waliilinda nasaba ya makuhani kwa uangalifu wa ajabu. Katika sinagogi kuhani huitwa kwanza kusoma Torati, wa pili Mlawi, yaani mtu wa kabila la Lawi asiye kuhani, ndipo wengine. Gitini 5:8, sehemu nyingine ya Mishna, inasema ni kwa ajili ya amani. Asipokuwepo Mlawi, kuhani yuleyule husoma na zamu ya pili. Haitwi kuhani mwingine, maana watu wangedhani wa kwanza amekutwa na dosari ya ukoo.

Viatu navyo vina habari yake. Rabi Yohanan ben Zakai, kiongozi wa marabi baada ya Hekalu kubomolewa, aliagiza makuhani wavivue kabla ya kupanda kuwabariki watu kwa maneno ya Hesabu 6:24–26. Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inaeleza: gidamu likikatika, kuhani akabaki ameketi kulifunga wenzake wakibariki, watu watanong'ona kwamba ni mwana wa mtalaka, hafai.

Kwa nini mtalaka? Kuhani haruhusiwi kumwoa mwanamke aliyeachwa, hata akiwa ni mkewe mwenyewe aliyemwacha jana. Akimwoa, watoto watakaozaliwa hawahesabiwi makuhani. Palikuwa na mahali penye makuhani wenye hasira za haraka, wakiacha wake zao kisha hakuna njia ya kuwarejea. Marabi wakawawekea hati ya talaka ya mikunjo: unaandika mstari, unakunja, unashona, shahidi anatia sahihi nyuma ya mkunjo, unaendelea, na mashahidi wasipungue 3. Kazi hiyo ni ndefu, na ilikusudiwa iwe ndefu, ili hasira ipoe kabla hati haijakamilika.