Kwa mnaoanza maabara ya patholojia hapa Mwanza: angalieni rangi imekaa wapi

Wadogo zangu, karibuni. Mkianza kusoma slaidi zilizopakwa kingamwili (protini inayonasa protini tunayoitafuta, kisha rangi huonyesha ilipo), swali mtakalolizoea haraka ni "imeshika au haijashika?" Kwa protini nyingi za saratani hilo halitoshi. Ulizeni imeshika wapi: kwenye utando wa seli, kwenye saitoplazimu, au ndani ya kiini.

Protini zinazowasha jeni hufanyia kazi kwenye DNA, na DNA hiyo imo ndani ya kiini. Ikibaki nje ni konda aliyeachwa stendi, nauli haikusanyi. Kwa hiyo saratani haina haja ya kuiharibu. Kuifungia nje kunatosha. Chukueni FOXO, mojawapo ya protini hizo. Ikiwa ndani huwasha jeni za kusimamisha mgawanyiko wa seli, hata za kuiua. AKT, kimeng'enya kinachohimiza seli kukua, huibandika fosfati sehemu tatu, kisha protini iitwayo 14-3-3 huidaka na kuishikilia kwenye saitoplazimu. Kwa kawaida kimeng'enya kingine, PTEN, huidhibiti AKT. Seli ikipoteza PTEN, FOXO inatolewa nje na mgawanyiko unaendelea, ilhali jeni ya FOXO yenyewe ni nzima kabisa. Ndiyo maana kuna watu huhangaika kutafuta mutesheni (badiliko la jeni) isiyokuwepo.

Ila msikariri kwamba FOXO ndani ni salama. Kwenye limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga ambayo ukanda huu wa ziwa tunaijua vizuri kwa watoto, baadhi ya uvimbe una mutesheni ya FOXO1 palepale AKT inapobandika fosfati. Protini hiyo haitoki tena kwenye kiini, na saratani ipo vilevile.

Anayedhani haya ni ya darasani tu aangalie selinexor, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya myeloma, saratani ya seli za plazma kwenye uboho. Inaizuia XPO1, msafirishaji anayetoa protini kwenye kiini, zikiwemo FOXO na p53, protini nyingine inayozuia saratani.

Kwa mazoezi ya jicho, anzeni na protini ya beta-katenini kwenye utumbo mpana. Tishu yenye afya huonyesha mstari mwembamba wa kahawia, rangi ya kingamwili, kwenye mipaka ya seli, viini vikibaki bluu. APC, protini inayosaidia kuivunja, ikiharibika, beta-katenini haivunjwi tena; hurundikana, huingia kwenye kiini na kushirikiana na TCF, protini inayoshika DNA, maana yenyewe haiishiki. Hapo bluu inafunikwa na kahawia. Tafuteni zaidi kwenye ukingo ambako uvimbe unapenya, kwani katikati mara nyingi rangi ya kiini ni hafifu. Linganisheni na tishu yenye afya ya slaidi hiyohiyo, na msiziamini kingo zilizokauka. Hematoksilini, rangi ya bluu ya viini, nayo msiizidishe, itameza kahawia hafifu ya kwenye kiini.

Linalotusumbua zaidi huku ni safari ya sampuli. Kipande kikisubiri kivuko cha Ukerewe bila formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, fosfati hupotea mapema kuliko protini yenyewe. Kipimo cha AKT yenye fosfati kikitoka hasi, pigeni simu kilikotoka kipande kabla ya kuandika ripoti. Waulizeni kiliingia formalini saa ngapi, na kama ilikuwa walau mara 10 ya ujazo wake. Fomu nyingi zina nafasi ya tarehe tu. Saa iandikeni wenyewe pembeni, kwa kalamu isiyofutika.