Pantoni ya Ndundu

Lindi, Mtanda

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani wote wazima. Bibi yako naye yupo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Swali lako la juzi kwenye simu nililikwepa kwa sababu nilikuwa nakaanga korosho, na korosho ukizipa kisogo zinaungua. Ulisema unaikumbuka vizuri safari yetu ya Dar, tulipovuka Rufiji kwa pantoni na kiboko akaibuka karibu nasi. Dada yako akakucheka, akasema unatunga. Ukaniuliza, "Mama, nani muongo kati yetu?"

Nimeitoa kadi yako ya kliniki sandukuni. Pembe moja imeliwa na mende, ila maandishi yanasomeka. Umezaliwa Machi 2002. Chanjo ya surua haina mhuri wa Lindi, ina mhuri wa Dar, Desemba 2002, maana tulikuwa msibani kwa shangazi yako, na mimi muuguzi nisingekubali tarehe ipite. Kwa hiyo pale Ndundu ulivuka una miezi tisa. Mwaka uliofuata Daraja la Mkapa likafunguliwa, na pantoni ile hatukuipanda tena.

Mtoto wa miezi tisa si kwamba hakumbuki kitu. Sura ya mama anaijua, na aliyemchoma sindano jana anamlilia leo. Lakini kumbukumbu za umri huo hazidumu hadi ukubwani. Watu wazima wengi, ukiwauliza jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka, watakutajia la miaka mitatu au zaidi kidogo. Ubongo wa mtoto bado unajijenga, na maneno ya kujisimulia hana.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iliyojikunja, moja kila upande, inaitwa hipokampasi. Jina ni la Kigiriki, la yule farasi wa baharini anayenasa kwenye nyavu. Kazi yake ni kama ya mtu anayefunga tita la kuni: alichoona jicho, alichosikia sikio, harufu, hofu, vyote vinafungwa pamoja viwe tukio moja. Mwaka 1953 kule Marekani kijana mmoja, Henry Molaison, alipasuliwa kichwa ili aponywe kifafa, wakamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo mpaka anafariki mwaka 2008, karibu kila jambo jipya lilimpita. Unazungumza naye, unatoka kidogo, ukirudi unajitambulisha upya. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiuangalia mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono ulizidi kuwa hodari, na kila siku mwenyewe alidai hajawahi kuifanya kazi hiyo. Nikimwona bibi yako ananiuliza mara tatu kama tumeshakula, huku vidole vinasuka ukili bila kukosea hata jani moja, namkumbuka yule kijana.

Sasa nirudi kwako. Tita hilo halikai limefungwa likikungoja. Kila unapokumbuka, ubongo unaziokota zile kuni huku na huko na kulifunga upya, na ukuni wa tita lingine unaweza kuchomekwa humo usijue. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, waliwapa watu 24 visa vinne vya utoto wao. Vitatu vilikuwa vya kweli, vimetoka kwa ndugu zao. Cha nne kilikuwa cha kutunga, kwamba waliwahi kupotea dukani walipokuwa na miaka mitano hivi. Karibu robo yao wakasema wanakikumbuka, chote au sehemu yake. Hakuna aliyekuwa anadanganya.

Uliniambia unajiona mgongoni kwangu, kichwa kimelala, mimi nimeshika chuma cha pantoni. Mwanangu, aliyemo kwenye mbeleko anaona mgongo wa mama yake tu. Hata kumbukumbu za kweli mtu huweza kujiona hivyo kwa nje, sikatai, ila kwa hili mimi najua macho hayo ni ya nani. Ni ya babu yako. Yeye ndiye aliyesimama nyuma yetu siku ile, na umeme ulipokatika, wewe ukiwa wa miaka minne, mitano, alikuwa anakusimulia safari ile pale barazani, ukimwambia "tena, babu". Kiboko mwenyewe alikuwa mbali, masikio tu juu ya maji. Mwaka hadi mwaka babu akawa anamsogeza. Nilimwacha, maana ulikuwa unacheka.

Na ile harufu ya dizeli unayoiapia ni ya kweli, hiyo sikunyang'anyi. Ila nadhani umeitoa kwenye boti la Kitunda, ulipokuwa darasa la kwanza, siku uliyotapikia viatu vya mjomba wako.

Usidhani mimi nimesalimika. Miaka yote nimekuwa nikisimulia kwamba siku ile mvua ilitunyeshea pale kivukoni tukalowa. Jana nimempigia mjomba wako, naye tulikuwa pamoja. Akasema hapakuwa na mvua. Lilikuwa vumbi, tulifika Dar nywele nyekundu kama tumepaka hina, na mvua ilitukuta safari nyingine kabisa, tuliponasa kwenye tope kabla ya Somanga. Nimebaki nabisha moyoni, kwa sababu ile kanga iliyolowa naihisi hadi leo ikinibana kifuani.

Dada yako mwambie asikuite muongo. Yeye alikuwa na miaka saba, anaikumbuka safari hiyo kwa haki yake. Lakini hebu muulize, usimwonyeshe barua hii, kama siku ile kulikuwa na mvua. Hadithi ya mvua ameisikia kwangu tangu mdogo.

Korosho nimempa kondakta, kilo mbili, zichukue kesho jioni.

Mama yako