Maua ya bustani kwenye chungu na ndoo ya bati

SWALI: Naishi Pasiansi, Mwanza. Bustanini nina zinia, mawaridi na bogenvilia, na napenda kuyapanga kwenye vyombo vya zamani: chungu cha udongo na kindoo cha bati. Chungu kinalowesha meza, na maua ya kwenye ndoo yananyauka kesho yake huku maji yakinuka. Nifanyeje? Na yale maua ya zambarau ya gugumaji, naweza kuyachuma?

JIBU: Dada, vyombo vyako ni vizuri, usivitupe. Ila usiviachie kazi ya kushika maji. Chungu kina vitundu vidogo sana ambavyo maji hupenya na kutoka nje. Ndiyo maana mtungi hupoza maji ya kunywa. Bati nalo limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye maji yenye ndimu, kama yale nitakayokuelekeza hapa chini. Chukua chupa ya plastiki, ikate iwe fupi kuliko mdomo wa chungu kwa vidole viwili, itumbukize ndani na maji uyatie humo tu. Pembeni shindilia kokoto isiyumbe. Kwa mawe, Mwanza hatuna shida.

Harufu hiyo ni ya bakteria. Wanakula majani yaliyozama, wanazaliana, kisha wanaziba mirija ya bua, na ua linakufa kwa kiu likiwa limesimama ndani ya maji. Kwa hiyo pukuchua kila jani litakalogusa maji, na chupa uioshe kwa sabuni. Kwenye lita moja ya maji tia sukari kijiko kimoja cha chakula, maji ya ndimu vijiko viwili, na jiki robo ya kijiko cha chai. Jiki na ndimu visikutane kabla ya kuingia kwenye maji, maana hutoa hewa ya sumu. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila mara punguza ncha za mabua.

Kata maua alfajiri, jua halijakaza. Zinia ina kipimo chake: shika bua shubiri moja chini ya ua, ulitikise taratibu. Kichwa kikilegea kama cha mtu anayesinzia, liache likomae. Bua likibaki wima, kata. Waridi likiinamisha shingo, mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye bua. Likate tena sentimita mbili, ncha ikiwa ndani ya maji, kisha lilaze lote kwenye beseni la maji ya uvuguvugu hadi lijinyooshe.

Bogenvilia haivumilii. Ondoa majani yote ya kijani, uitumie kwa shughuli ya siku moja.

Maua yote usiyaweke karibu na ndizi mbivu. Hewa yake huyazeesha maua.

Gugumaji liache ziwani. Ua lake halimalizi siku mbili, na kipande cha mmea ukikitupa mtaroni, mvua itakirudisha majini kikaote upya.