Subaru ya turbo: pesa za kwanza ziende kwenye breki

Ukimiliki Subaru ya turbo hapa Nairobi, hamu ya kuichezea itakushika tu. Kwa kawaida huanza na ekzosi, kwa sababu ya ile sauti ya kunguruma, kisha mtu anatafuta fundi wa kumwongezea presha ya turbo. Wanaoniuliza mimi nawajibu vilevile kila mara: breki na tairi kwanza. Najua hazipigi kelele, na hakuna atakayegeuka kukutazama pale Thika Road.

Teremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu ukikanyaga breki kila kona. Kabla hujafika chini utasikia harufu ya pedi zinazoungua, kisha pedali inalegea na mguu unazama kuliko ulivyozama kule juu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, huchemka kuanzia nyuzi 230 hivi. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka yanatoa mvuke, nao ukiukanyaga unabonyea tu, gari halisimami. Kwa hiyo mwaga mafuta ya zamani, weka mapya na pedi zinazostahimili joto, ndipo ufikirie kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za pistoni nne. Hizo nazo huja na diski kubwa, kwa hiyo pima kwanza kama rimu zako zitazipisha.

Tairi soma tarakimu nne za ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kung'aa huku mpira umeshakuwa mgumu. Kukata springi kwa grainda ili gari liinamie chini, hilo tusiongee.

Sasa injini. Kabla ya kuongeza chochote, fundi apime kompresheni, yaani mbano wa hewa, ya silinda zote nne, na wewe uwe na mazoea ya kuchomoa kijiti cha oili uone kiwango chake. Injini iliyochoka, ukiiongezea presha, unaiharakisha kunoki, yaani kufa. Kumbuka pia kwamba magari haya mengi yalitengenezwa kwa petroli ya Japani ya oktani (kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kulipuka kabla ya wakati) karibu 100, na ya kawaida kwenye vituo vyetu haifiki hapo.

Jambo ambalo wengi hawaliwazi ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Fundi akikutunia gari hapa mpaka ukingoni, kisha Desemba ukashuka nalo Mombasa, presha ya turbo inajumlishwa na hewa nzito ya pwani, na joto juu yake. Petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Mwambie fundi waziwazi kwamba gari litashuka pwani, aache nafasi. Aangalie uwiano wa hewa na petroli kwa kipimo akiwa na kompyuta mkononi. Anayetuni kwa sikio mwache. Na akikupa faili la mipangilio, lihifadhi, maana fundi wa pili atalihitaji.

Ukibadilisha injini nzima, namba mpya iingizwe kwenye logbook kupitia NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi kuhusu kila ulichobadilisha, nakala ya barua ubaki nayo. Huenda malipo ya mwaka yakapanda. Lipa tu, kwa sababu mabadiliko usiyoyataja ndiyo watakayoyashika siku ya kudai fidia.